Tuliuliza Kila Mtu Isipokuwa Mama

Kila tunaporudi nyumbani Bomet kwa likizo, akina mama wa kanisani hutukalisha chini ya mti na kutuuliza swali lile lile: "Huko Marekani hasa mnafanya kazi gani?" Tukijibu kwamba sisi ni mafundi wa endoskopi wa kuhamahama, wanatikisa vichwa kwa heshima na kutumiminia chai. Safari iliyopita mama mmoja akatuambia wazi, "Mmelitaja neno hilo miaka mingi na hadi leo hatujui kama mnatengeneza redio au mnatibu watu." Basi tumeona afadhali tueleze vizuri, na tuelezee pia jambo ambalo chini ya mti ule hatujawahi kulisema lote.

Sisi ni mawifi. Mmoja wetu alizaliwa katika boma lile, mwingine aliolewa humo, na mama wa boma alituita sote wawili binti zake. Sote tulisomea diploma ya uuguzi hapa Kenya, tukafanya kazi katika wodi za wilaya, na mwaka 2014 tukahamia Minnesota, ambako Wakenya ni wengi. Tulidhani tutafika na kuvaa sare siku ya pili. Kumbe vyeti vyetu vilipaswa kuchunguzwa upya na mtihani wa leseni kufanywa, na hayo yote yanataka muda na fedha, nasi tulikuwa na watoto wa kulisha. Tukaanza na kuogesha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Baadaye hospitali moja ikatuchukua kutufundisha kazi ya ufundi katika chumba cha endoskopi, kazi ambayo haikututaka leseni ya uuguzi.

Endoskopi ni mpira mrefu na mwembamba, mnene kama kidole hivi, wenye taa na kamera kwenye ncha. Daktari huupitisha kinywani hadi kwenye umio na tumbo, au kwa njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana, akaona katika runinga mambo ambayo zamani yalihitaji kisu. Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyetengeneza pamoja na wenzake huko Michigan ule mpira wa kwanza wa nyuzi za kioo ulioweza kupinda vizuri. Mwaka 1957 alijijaribia mwenyewe kwanza, akaupitisha katika koo lake, kabla ya kumpitishia mgonjwa. Tunampenda kwa hilo. Si waganga wengi wanaoanza kuonja dawa yao.

Kazi ya fundi ni yote yanayoizunguka kazi ya daktari. Tunaandaa chumba, tunajaribu taa, hewa na maji ya kifaa. Tunamlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, tunashika taya lake, tunabonyeza tumbo pale mpira unapokataa kukata kona. Tunampa daktari koleo ndogo ya kunyofoa kinyama cha kupimwa, na kinyama kile tunakitia katika kichupa na kuandika jina bila kukosea, kwa maana jina likikosewa mtu mwingine ataambiwa ana saratani. Kisha tunaosha.

Kuosha ndiko kazi yenyewe. Kifaa kikitoka tu mwilini kinafutwa na kufyonzeshwa maji ya dawa hapo hapo kitandani, kabla uchafu haujakauka. Kinapelekwa chumba cha kuoshea katika chombo kilichofunikwa. Hapo tunakijaza hewa na kukizamisha majini tukitazama mapovu, kama vile fundi wa baiskeli anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Kisha brashi ndefu hupitishwa katika kila mfereji wa ndani hadi itoke safi, kinasuuzwa, kinaingia kwenye mashine yenye dawa ya kuua vijidudu, kinasuuzwa tena, kinapulizwa hewa hadi kikauke kabisa, ndipo kinapotundikwa kabatini. Unyevu ukibaki ndani, vijidudu vinazaliana usiku kucha na asubuhi vinaingia kwa mgonjwa mwingine. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba aina moja ya vifaa hivi, ile ya kuchunguzia mirija ya nyongo, ilikuwa imeambukiza wagonjwa bakteria sugu, hata mahali ambapo maagizo ya kuosha yalifuatwa. Tangu mwaka ule mtu anayeharakisha kuosha hatukai naye vizuri.

Tulianza kuhamahama mwaka 2018. Kuna mawakala wanaotafutia hospitali watu wa muda, kwa mfano pale mfanyakazi anapokwenda kujifungua au idara inapopungukiwa. Mkataba wa kawaida ni majuma 13. Malipo ni makubwa kuliko ya kukaa mahali pamoja, na juu yake kuna posho ya nyumba na chakula. Tuliomba kila mara tupelekwe wote wawili hospitali moja, na pengine tulipata. Tumefanya kazi Ohio, tumefanya Texas, tumefanya North Dakota katika baridi ambayo mate yaweza kuganda kabla hayajafika chini. Tumepika ugali kwenye jiko la umeme la nyumba ya wageni, dirisha wazi, tukiogopa king'ora cha moshi.

Akina mama watataka kujua watoto walikuwa wapi. Walibaki Minnesota na baba yao, ambaye ni mume wa mmoja wetu na kaka wa mwingine. Mawifi wengine hugombania mtu wa namna hiyo, sisi tulikubaliana kumwachia nyumba. Alijifunza kusuka nywele, vibaya. Binti yetu alipovunja ungo, sisi tulikuwa Ohio. Baba yake alitupigia simu akiwa bafuni, akinong'ona kama mwizi, akauliza anunue nini na anunue kiasi gani. Tulimwelekeza. Baadaye tukazungumza na mtoto mwenyewe, akatujibu maneno mawili matatu tu, akasema ana kazi ya shule. Usiku ule hakuna aliyelala mapema katika chumba chetu. Fedha zile zililipa karo za watoto wa ndugu watatu Bomet na kuezeka nyumba ya Mama kwa mabati mapya, na hatusemi kwamba tulikosea kwenda. Tunasema tu kwamba posho ya nyumba na chakula ilihesabiwa hadi senti, na jambo kama la usiku ule halina mahali pa kuandikwa katika mkataba.

Tena mkataba wenyewe si ahadi ya ndoa. Uliwahi kuvunjwa katika juma la sita, kwa simu ya dakika tatu, nasi tumekwisha kulipa kodi ya miezi miwili. Na mwaka 2020, korona ilipoingia, vipimo visivyo vya dharura vilisimamishwa na vyumba vya endoskopi vikafungwa, tukarudi Minnesota kukaa na watoto na kuhesabu akiba.

Ukiwa mtu wa kuhamahama unapewa siku moja au mbili za kuzoeshwa, siku ya tatu unafanya kazi kama wenyeji. Kabati za kila hospitali zimepangwa kivyake, mashine ni za aina nyingine, na kila aina ya kifaa ina maagizo yake ya kuosha. Kwa hiyo ustadi mkubwa wa mgeni ni kuuliza. Brashi za mfereji mdogo ziko wapi? Nani aliandika tarehe hii? Mashine hii ilipimwa lini? Sisi tuliolelewa kwamba mgeni hainui macho jikoni mwa mwenyeji, jambo hili lilitugharimu. Tulianza kwa kuuliza kwa sauti ya chini. Baadaye tukazoea.

Katika hospitali moja ya kusini, siku yetu ya pili tu, tulikitoa kifaa kabatini na tone la maji likatuangukia kiatuni. Kadi yake haikuwa na tarehe. Tukauliza kilioshwa lini; hakuna aliyejua. Mgonjwa, bibi mmoja aliyejifunga shali miguuni, alikuwa amekwisha kulazwa, daktari amekwisha kuvaa glavu, na vifaa vingine vyote vilikuwa vinatumika. Daktari akasema kimetoka kabatini, maana yake ni safi. Tukasema hapana, kirudi kwenye sinki. Akatazama vitambulisho vyetu, akaona sisi ni wa wakala, akauliza kama tunajua yeye ana wagonjwa wangapi siku ile. Tulijua, walikuwa 14, na wote hawajala tangu jana. Kifaa kilirudi kwenye sinki. Bibi alingoja zaidi ya saa nzima na mistari yote ya nyuma yake ikasogea. Mchana hakuna aliyekaa na sisi mezani, na majuma 13 yalipokwisha mkataba haukuongezwa. Hatukujuta. Tulipompigia Mama Jumapili ile tulimsimulia, akacheka, akasema, "Mwanamke anayeogopa kusema sufuria ni chafu atalisha watu uchafu."

Tulikuwa tukimpigia kila Jumapili baada ya ibada, hata tukiwa North Dakota ambako saa zake na zetu hazipatani. Ratiba ya simu hiyo ilikuwa moja. Tunamsalimu, anatusalimu, tunauliza mvua, tunauliza ng'ombe, tunauliza fedha kama zimefika, tunauliza kama amekula. Anasema amekula. Tunamwachia watoto wazungumze naye kidogo, kisha tunaomba pamoja na kukata.

Kazini swali hilo la chakula tuliliuliza kwa njia nyingine kabisa. Mgonjwa wa koo hatumwulizi kama amekula. Tunamwuliza: Unakula nini? Nyama inapita? Ugali je? Umeanza lini kusukumia chakula kwa maji? Kinakwama wapi, nionyeshe kwa kidole. Umepungua uzito? Tumeuliza hivyo wagonjwa ambao hatukumbuki hata sura zao.

Disemba 2021 tulituma fedha za mbuzi wa Krismasi. Mama alichinjisha, akashukuru, akaongeza kwamba nyama amewapa majirani karibu yote kwa sababu "siku hizi nyama sina hamu nayo." Tulicheka. Tukamwambia amezeeka vizuri, ameanza kula kama mtawa. Mwezi Februari alituambia mkanda wa sketi umelegea, tukamtumia fedha za sketi mpya. Mwezi Machi, jirani yake wa kundi la akina mama kanisani alimpigia mmoja wetu simu katikati ya siku, tukiwa kazini Ohio, mikono imo ndani ya sinki. Hakusalimu sana. Alisema, "Mama yenu anakula uji tu tangu Krismasi, na sasa hata uji anaurudisha. Nyinyi hamjui?"

Tuliweka brashi chini. Wauguzi wawili, wenye miaka katika chumba cha endoskopi, tukatazamana, na kila mmoja alijua jina la ugonjwa ule kabla mwenzake hajalitamka.

Tuliseme kwa faida ya wasomaji. Saratani ya umio, ambayo wengi nyumbani huiita kansa ya koo, huonekana kwa wingi katika ukanda wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi. Hospitali ya Tenwek, hapo hapo Bomet, imetibu wengi sana, na miongoni mwao wamo hata vijana wa chini ya miaka 30, ambalo si jambo la kawaida kwingine duniani. Tumbaku na pombe zinajulikana kuwa ni visababishi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vya kupita nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani hii; kosa si la chai yenyewe, ni la moto wake. Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba umio hutanuka na kuvumilia, hivyo mtu akianza kuhisi nyama inakwama, uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Kwanza nyama, kisha ugali, kisha uji, kisha maji.

Mama hakuwahi kuvuta wala kunywa pombe. Lakini chai aliinywa ikitoka tu kwenye sufuria. Alikuwa na usemi wake: chai iliyopoa ni chai ya mgonjwa. Wakwe wote wa boma lile walijaribiwa kwa kikombe hicho, na aliyepuliza alichekwa.

Mkataba ulikuwa umebakiza majuma matano, na kuuvunja kulikuwa na faini. Fedha za tiketi mbili pamoja na faini mbili hatukuwa nazo. Hapo ndipo tuligombana, mara moja tu katika miaka yote ya safari. Mmoja alisema aende aliyezaliwa na Mama. Huyo aliyezaliwa naye akasema anaogopa, aende mwingine, aliye imara zaidi. Mwisho alikwenda binti. Mkwe alibaki Ohio akiosha vifaa, akiwauliza wagonjwa kama nyama inapita, na jioni akikaa karibu na simu.

Huko Tenwek, binti aliingia kama jamaa ya mgonjwa, akakaa kwenye benchi pamoja na jamaa wengine. Anakiri kwamba alichungulia chumba cha kuoshea kuona kama wanazamisha kifaa na kutazama mapovu. Walikuwa wanatazama. Aliona aibu akarudi kwenye benchi. Muuguzi kijana akamkalisha Mama akamwuliza kwa Kikipsigis, pole pole, chakula kinakwama wapi. Mama akaweka kidole katikati ya kifua, akasema, "Hapa. Tangu mavuno ya mahindi." Alijibu yote, tarehe na aina ya chakula, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Njiani kurudi wodini binti akamwambia, "Mama, kwa nini hukutuambia?"

"Mliniuliza kama nimekula," alisema. "Nilikuwa nimekula. Uji ni chakula."

Kisha, baada ya hatua chache, akaongeza kwamba alijua tungeacha kazi tukarudi, na watoto wa ndugu zetu walikuwa katikati ya muhula.

Uvimbe ulikuwa umepita hatua ya kupasuliwa. Walimwekea stenti, bomba la waya laini ambalo hupitishwa likiwa limekunjwa na kujifungua lenyewe ndani ya umio, likaacha njia. Si dawa ya kuponya, na walituambia hivyo bila kuzunguka. Lakini siku ya pili alikunywa supu, siku ya nne akala viazi vilivyopondwa, na juma lililofuata akaomba mursik. Binti alikaa naye miezi miwili. Mkwe alimaliza mkataba akaja kupokea zamu. Mwanawe wa kiume alikuja na watoto wakati wa likizo yao ya kiangazi, na binti yetu yule alijifunza kwa nyanya yake kukamua ng'ombe na maneno ya Kikipsigis ambayo hatutayaandika hapa. Mama alikaa nasi miezi minane baada ya stenti, akafariki Novemba 2022 nyumbani, chini ya yale mabati.

Katikati ya hapo kulikuwa na majuma ambayo sote tulikuwa Marekani, kwa sababu kodi haingoji. Jirani yake alimwangalia, nasi tulipiga simu kila siku badala ya Jumapili. Mvua na ng'ombe tuliviacha vya mwisho. Tulimwuliza amekula nini, kimepita vipi, amesukumia kwa maji au la, amelala ameinua kichwa kwa mito mingapi. Mwanzoni alifurahi. Baadaye akachoka nasi, akawa anaanza kutaja yote kabla hatujauliza, haraka haraka, kama mtoto anayesoma hesabu ya mara.

"Viazi, vimepita. Ndizi ya kuponda, imepita. Maziwa vikombe viwili. Mito mitatu. Mmeridhika?"

"Na chai, Mama?"

Alikaa kimya kidogo.

"Nimekunywa," alisema. "Ya mgonjwa."